Bosi ndiye wa mwisho kujua

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wa kazi tofauti kabisa, lakini ukizisoma mfululizo unasikia kilio kimoja. Mambo yanaharibika, walio karibu wanaona, na anayeongoza anakuja kuambiwa na mteja. Tumechagua saba. Tumezifupisha na kuondoa majina ya watu na ya biashara. Sheria tunazozitaja ni za nchi anakotoka muulizaji.

SWALI: Nina bekari ndogo Morogoro, wafanyakazi 14, zamu mbili. Kila wiki kuna hasara: mara mikate haikuumuka, mara imeungua, mara haina chumvi. Nikiuliza kulikoni, jibu ni lile lile, "Hata sisi tunashangaa, bosi." Nikaamua nikate mshahara zamu nzima ili wachungane wenyewe. Huu mwezi wa tatu na hasara imepanda. Nakosea wapi?

JIBU: Hapo hapo kwenye kukata zamu nzima. Kisheria umekosea, na kihesabu umejiumiza mwenyewe.

Sheria kwanza, maana ni fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuruhusu kumkata mtu fidia ya hasara ikiwa tu hasara ilitokea akiwa kazini na kwa kosa lake yeye. Umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyokipata. Umpe nafasi ya kupinga. Naye akubali kwa maandishi. Makato yasizidi hasara yenyewe, wala yasizidi robo ya mshahara wake. Watu saba kulipia kosa la mmoja, hilo halimo.

Sasa hesabu. Chukua usiku mmoja tu. Saa saba usiku mchanganyaji ametia kwenye mashine mfuko wa unga wa kilo 50, maji lita 28, hamira, sukari na mafuta, akasahau kilo moja ya chumvi. Dakika kumi baadaye anaona donge linanata kuliko siku zote. Akisema muda huo, chumvi inanyunyizwa, mashine inazunguka dakika chache zaidi, hakuna kilichopotea. Ikifika saa tisa donge limeshakatwa na kupangwa. Saa kumi na mbili asubuhi mikate kama 180 ya gramu 400 imeshafika madukani, na saa nne simu yako inaanza kulia.

Piga hesabu anayopiga yeye akiwa amesimama pale kwenye mashine. Akisema, zamu nzima inakatwa kwa ajili yake na wenzake wanamnunia mwezi mzima. Asiposema, huenda isijulikane. Ikijulikana, makato yanagawanywa kwa saba na yeye anaumia kidogo tu. Wewe mwenyewe umeufanya ukimya kuwa nafuu. Hata mtu mwaminifu atanyamaza.

Kwa hiyo tangaza kwamba makato ya pamoja yamekwisha, kisha weka daftari la hitilafu karibu na mashine, na kalamu yake uifunge kwa kamba (isipofungwa haitamaliza siku mbili). Safu zake ni nne: saa ngapi, kimeonekana nini, tumefanya nini, kilichosababisha. Safu ya jina usiiweke. Hitilafu iliyoandikwa kabla mikate haijatoka mlangoni haikatwi. Lakini usiwaahidi msamaha wa kila kitu, maana hutaweza kuutimiza: wizi, kuja kazini umelewa na kuficha kwa makusudi vinabaki na adhabu yake, na waambie hivyo tangu mwanzo.

Wa kwanza kuandika uwe wewe. Kama uliagiza hamira iliyobakiza wiki moja kuisha muda wake, hiyo ni hitilafu yako, iandike mbele yao. Na siku atakapokujia mtu na habari mbaya, yanayokutoka mdomoni katika sekunde kumi za kwanza ndiyo yatakayosimuliwa zamu zote mbili. Ukianza na "Nani?" daftari limekufa. Anza na "Asante kwa kuniambia. Kundi lipi hilo, na liko wapi sasa hivi?"

Kila Jumamosi lisome, chagua jambo moja, na ulitengeneze kabla ya Jumamosi inayofuata. Tuseme chumvi imesahaulika mara tatu. Usiwahutubie kuhusu umakini. Agiza viungo vya kila mfuko vipimwe mwanzoni mwa zamu, kila kimoja kwenye chombo chake, vyote kwenye sinia moja. Chombo kikibaki na kitu wakati mashine inazunguka, hata mpita njia anaona kwamba kuna kilichosahauliwa. Hilo linazuia kosa kuliko barua tano za onyo.

Daftari kama hili huuawa kwa njia tatu tunazozijua: msimamizi kulipiga picha na kulirusha kwenye kundi la WhatsApp, msimamizi kuliandika peke yake kwa niaba ya wenzake wote, na mambo kuandikwa mara tatu bila lolote kufanyika. Wiki nne za kwanza maandishi yatakuwa mengi na utadhani bekari imeoza. Haijaoza, ndiyo kwanza unaiona. (Soma jibu la muuguzi hapa chini.)

Ukihisi unga unaibwa, hiyo ni kesi nyingine na dawa yake ni makabidhiano: zamu inayotoka na inayoingia zihesabu mifuko pamoja, zisaini pamoja. Simamia mwenyewe mifuko mitatu toka mwanzo hadi mwisho ujue tanuri lako linatoa mikate mingapi kwa mfuko. Usitumie namba ya mtu mwingine, hata hiyo yetu ya 180.

SWALI: Nimefanywa msimamizi wa ghala Dar es Salaam. Watu tisa ninaowasimamia ndio wenzangu wa siku zote, na mmoja wao, mzee wa miaka 50 na kitu, ndiye aliyenifundisha kazi. Nikitoa agizo wanacheka, "Leo mwana umekuwa mkubwa!" Wanachelewa mbele ya macho yangu. Sitaki kuwa mkali, ila naona wananipima.

JIBU: Ndiyo, wanakupima, na wana haki. Hawajui bado kama cheo kitakugeuza.

Anza na mzee, kabla ya mwingine yeyote, na umfuate wewe alipo, usimwite. "Shikamoo. Mzee, kazi hii nimefundishwa na wewe, na wote hapa wanajua. Nimepewa jukumu hili na bila wewe litanishinda. Unaona nianzie wapi?" Halafu unyamaze usikilize. Kuna uwezekano mkubwa kwamba yeye mwenyewe alikitarajia cheo hicho. Akiligusia, usilikwepe wala usijitetee. Mpe kazi inayoonekana, kwa mfano kuwafundisha wageni wote kupanga na kuhesabu mzigo, na umwombe bosi wako atangaze hilo.

Wanaobaki, zungumza na mmoja mmoja, dakika 15 hadi 20 kila mtu, umalize ndani ya wiki mbili. Waulize kinachowakera kazini kila siku, kitu ambacho wasingependa ukibadilishe, na wanachohofia kuhusu wewe. Katika majibu hayo chagua kero moja unayoweza kuimaliza wiki hiyo hiyo kwa uwezo wako mwenyewe, hata kama ni kitoroli chenye gurudumu bovu. Heshima ya msimamizi mpya huanza na gurudumu hilo zaidi kuliko na sauti.

Kuhusu kuchelewa, usianze kuwaandikia watu. Kaa nao kwanza, kubalianeni saa ya kuanza na nani anafungua mlango. Kisha wa kwanza kuchelewa baada ya makubaliano, mwite pembeni siku hiyo hiyo, na uombe Mungu awe rafiki yako wa karibu. Ukimvumilia huyo, wanane waliobaki wameshapata jibu lao.

Ovataimu ndiyo itakayokugombanisha nao kuliko yote. Panga orodha ya mwezi mzima, ibandike ukutani, kila mtu aone zamu yake na ya mwenzake. Kwa sheria, saa za ziada hazizidi 50 katika kila wiki nne, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Usikope pesa kwa mtu unayempangia ovataimu. Kama mnacheza upatu pamoja, endelea kucheza, lakini utunzaji wa fedha mwachie mwingine. Na chipsi za jioni kuleni kama zamani. Wewe uwe wa kwanza kuaga tu, wapate muda wa kukusema.

SWALI: Ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya watoto katika hospitali ya wilaya. Wauguzi wangu vijana wanaona dozi imeandikwa vibaya au mgonjwa anabadilika hali, lakini kumwambia daktari hawawezi. Wananiambia mimi, tena baada ya jambo kutokea. Nimewasema sana, haijasaidia.

JIBU: Dada, hilo si lako peke yako, na ushahidi mzuri zaidi wa jinsi ya kulitibu ulipatikana kwa sehemu hapa hapa Tanzania. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2007 na 2008, lilichagua hospitali katika miji minane: London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Orodha ina vipengele 19 tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Kipengele kimoja cha orodha hiyo kinaonekana kama mchezo: kabla ngozi haijachanwa, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Lakini mtu akishatoa sauti mara moja, mara ya pili si ngumu sana. Ambaye hajafungua mdomo tangu asubuhi hataanza kwa kumpinga daktari bingwa. Kwa hiyo raundi yako ya asubuhi ianze hivyo. "Naitwa fulani, leo nina vitanda namba 1 hadi 6, na kitanda cha 4 kinanipa wasiwasi." Dakika mbili zinatosha wodi nzima.

Halafu wape maneno. Ulipowaambia "semeni" uliwapa amri, hukuwapa sentensi, na kijana mwenye hofu hawezi kutunga sentensi papo kwa papo. Tumia ngazi nne na uzibandike chumba cha dawa.

Ya kwanza ni ombi: "Daktari, naomba tuihakiki dozi hii pamoja."
Ya pili ni wasiwasi wenye namba: "Nina wasiwasi. Mtoto ana kilo 8. Paracetamol kwa miligramu 15 kwa kilo ni 120, hapa pameandikwa 500."
Ya tatu ni kueleza hatari: "Nikiitoa hii naona itamdhuru mtoto."
Ya nne ni kusimama: "Sitaitoa mpaka tuhakiki, na sasa namwita mfawidhi."

Wafanye mazoezi kwa sauti, wawili wawili, mmoja akiigiza daktari mwenye haraka na hasira. Dakika kumi kila Jumatatu kwa mwezi mmoja. Watacheka wiki ya kwanza, waache wacheke. Ngazi ya pili ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu inadai kupiga hesabu mbele ya mkubwa. Kwa hiyo uzito wa mtoto uandikwe kwa tarakimu kubwa juu ya chati, wasianze kuutafuta wakati mikono inatetemeka.

Mambo mawili watu huyasahau. Moja ni lugha. Faili limeandikwa Kiingereza, na vijana wengi hunyamaza kwa kuhofia kuuliza vibaya kwa Kiingereza. Tangazeni kwamba maswali ya usalama yanaulizwa kwa Kiswahili. La pili ni adabu: wengine wanaona kumpinga mkubwa ni utovu wa heshima. Waonyeshe kwamba sentensi inaweza kuanza na "Shikamoo daktari" na bado ikaishia kwenye dozi.

Kabla ya yote hayo nenda kwa mganga mfawidhi. Mwombe aseme mbele ya madaktari na wauguzi kwamba yeyote akiona kosa amwambie, hata yeye. Mwombe pia, faraghani, ajiandae kwa mara ya kwanza atakapoambiwa, hasa kama muuguzi atakuwa amekosea na daktari yuko sahihi. Hapo ndipo penye mtihani. Akijibu "Umefanya vizuri kuuliza, dozi iko sawa kwa sababu hii," kazi yako imekuwa nyepesi nusu nzima. Akicheka, rudi mwanzo.

Na uwaandae wakubwa kwa takwimu mbaya. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali akitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Alikuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zenye makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Maelezo yake ni kwamba hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema zaidi. Ripoti zako zitapanda robo ya kwanza. Mwambie katibu wa hospitali leo, zisije zikamshtua siku ya kikao.

SWALI: Bosi wetu anatuma maagizo kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, na asubuhi anauliza nani hakusoma. Tumwambieje?

JIBU: Msimwendee na lalamiko, mwendeeni na pendekezo lililoandikwa, watu wawili, si kumi. Pendekezo lenyewe: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hakuna agizo kwenye kundi, la dharura linapigiwa simu. Wazo likimjia usiku aliandike kwenye simu yake na kulituma asubuhi. Sheria ya Tanzania inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, lakini hilo msilianze nalo.

Ongezeni jambo moja ambalo hamkuuliza: kundi liwe la taarifa na pongezi. Masahihisho yaende kwa mhusika peke yake. Picha ya kosa la mtu mbele ya watu 30 haimfundishi aliyekosea, inawafundisha 29 kuficha.

SWALI: Nasimamia duka la vifaa vya ujenzi Arusha. Kijana mmoja analeta karibu theluthi ya mauzo yote, lakini anatukana wenzake. Watunza stoo wawili wameacha kazi ndani ya miezi mitano. Nikimgusa nahofia ataondoka na wateja.

JIBU: Sentensi yako ya mwisho ndiyo tatizo lako, kwa hiyo tuanze nayo. Wateja wako kwenye simu ya nani? Kama mafundi na makandarasi wanapiga namba yake binafsi, hana duka lakini ana wateja, na wewe una duka bila wateja. Nunua laini ya duka na simu ya duka, oda zote zipite humo, namba za wateja ziingie kwenye daftari au kompyuta ya duka. Liwe agizo la wauzaji wote, lipe mwezi mmoja, na usilihusishe na ugomvi. Hadi hapo hujamgusa.

Wakati mwezi unakwenda, andika gharama. Mtunza stoo mpya anachukua wiki ngapi kujua nondo za milimita 12 ziko wapi, na bati za geji 28 zisichanganywe na za geji 30? Mzigo mara ngapi umetoka pungufu au umepakiwa usio wenyewe katika wiki hizo? Weka shilingi mbele ya kila kosa. Huenda theluthi ya mauzo ikabaki theluthi, lakini faida yake ikakonda.

Angalia na kamisheni. Kama analipwa kwa mauzo yake tu, hakosei anapomwona mtunza stoo kama kizuizi. Hivyo ndivyo ulivyomlipa afikiri. Jaribuni asilimia 80 ya kamisheni kwa mauzo ya mtu mwenyewe na 20 kwa mauzo ya duka zima, stoo ikiwemo kwenye mgao wa hizo 20.

Kisha mwite. Usimwambie "una tabia mbaya", atabisha na atashinda. Mwambie siku, maneno na matokeo: "Jumanne saa tano, mbele ya mteja, ulimwita mwenzako mjinga. Alhamisi akaacha kazi. Nataka mambo mawili: hakuna tusi kwa mtu yeyote, na mzigo ukichelewa unaniambia mimi. Tutaonana kila Ijumaa kwa wiki nne." Nyamaza, msikilize, huenda stoo kweli ina uzembe, na hilo nalo ulitengeneze. Mauzo yake usiyasifie katika kikao hicho hicho, maana akitoka atakumbuka sifa tu.

Akirudia, ingia kwenye utaratibu wa nidhamu. Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali namba 42 la 2007, zinataka apewe tuhuma kwa maandishi, apate muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida si chini ya saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi au mfanyakazi mwenzake. Waajiri wengi hushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wakiwa na sababu nzuri kabisa, kwa kuwa siku ile walikuwa na hasira na hawakufuata hatua.

SWALI: Assalam aleikum. Tuna biashara ya samani Mombasa, wafanyakazi 24. Mmoja wa mafundi anawatania wasichana wa mauzo kwa maneno ya aibu. Meneja asema ni mzaha wa karakana. Twahitaji sera, ama twazungumza naye tu?

JIBU: Waaleikum salaam. Yote mawili. Sera hamna hiari nayo: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kijinsia, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Taarifa hiyo iseme unyanyasaji ni nini, kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kufanya kazi bila kunyanyaswa, kwamba mwajiri atachukua hatua na atakayefanya ataadhibiwa, jinsi ya kuleta malalamiko, na kwamba jina la mlalamikaji halitatolewa ila pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolazimu. Ukurasa mmoja na nusu watosha. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, karakana ikiwa imezimwa.

Sera nyingi hukwama kwa mpokeaji. Malalamiko yakipokewa na mtu mmoja tu, na ndiye huyo meneja wa "mzaha", hamtaletewa hata moja. Teueni wawili, angalau mmoja mwanamke, na asiwe bosi wa moja kwa moja wa wasichana hao.

Na fundi azungumziwe wiki hii, sera isisubiriwe. Asikabilishwe na wasichana wala asitajiwe aliyelalamika. Aambiwe maneno yenyewe yaliyosikika, na aambiwe yakome leo. Akisema "wao pia hucheka", jibu ni kwamba anayecheka mbele ya mtu mwenye shoka na randa hajasema anapenda. Meneja naye aitwe kivyake. Kwa maoni yetu kikao chake ndicho kigumu zaidi, kwa sababu fundi alikuwa akimwangalia yeye.

SWALI: Tumeweka sanduku la maoni ofisini mwaka mzima. Limepata karatasi mbili, moja ni ya pipi. Watu wetu wameridhika au wanaogopa?

JIBU: Liko wapi hilo sanduku? Kama liko mapokezi, chini ya kamera, na ufunguo uko kwa mkurugenzi, umeshajijibu. Lihamishie karibu na vyoo au sehemu ya chai, ufunguo wapewe watu wawili waliochaguliwa na wafanyakazi, lifunguliwe kila Ijumaa ya pili. Kila karatasi ijibiwe kwa maandishi ubaoni ndani ya siku saba, hata kama jibu ni "hapana, kwa sababu hii." Na ile karatasi nyingine, isiyo ya pipi, mlimjibu aliyeiandika?